Hita inawaka sekunde nne inazima: msimu mzima wa baridi na mashine moja korofi

Saa nane usiku niliamshwa na kimya. Waliowahi kukaa nyumba inayopashwa joto na hita ya gesi, zile za kupuliza hewa ya moto vyumbani, wananielewa, ile feni ukishaizoea inakua kama mtu anayekoroma chumba cha pili, humsikii mpaka siku anyamaze. Nikaweka mguu chini, sakafu ya baridi hasa. Thamostati inaonyesha nyuzi 14 na mi niliiweka 20. Mama watoto akauliza kwenye giza, "Gesi imeisha?" Nikamwambia gesi ipo, jiko si lilikua linawaka jioni. "Sasa?" Sasa ndo sijui.

Nikashuka na tochi ya simu mpaka kwenye kachumba inakokaa hita. Kwenye mlango wake wa chini kuna kidirisha kidogo cha duara, ndani yake kuna kitaa chekundu cha bodi, ile sakiti inayoiongoza mashine, na kilikua kinapepesa. Sikukijali. Nikafanya kile ambacho kila mtu anafanya na kila kitu cha umeme, nikazima swichi ya ukutani, nikahesabu mpaka kumi, nikawasha. Hilo lilikua kosa la kwanza, na ndo kosa la kijinga kuliko yote yaliyofuata, kwa sababu kile kitaa kilikua kinanipa msimbo wa hitilafu, mipepeso mirefu na mifupi ambayo maelezo yake yamebandikwa nyuma ya mlango, na bodi nyingi ukizikatia umeme zinasahau. Nilikua na shahidi pale anataka kusema na mi nikamziba mdomo.

Baada ya kuwasha ikaanza. Kwanza kafeni kadogo kakavuma. Kikapita kitambo. Alafu ndani kukaanza kung'aa rangi ya chungwa, kama waya wa jiko la umeme. Alafu tik, vali ikafunguka, na moto wa bluu ukakimbia kutoka kichomeo cha kwanza mpaka cha mwisho, fuuu, mzuri kabisa, mi nikashangilia. Moja, mbili, tatu, nne. Tik. Giza. Ikajaribu tena, vilevile. Tena. Baada ya hapo ikanyamaza na kitaa kikaanza upya kupepesa, na safari hii nilikua nimechoka hata kuhesabu, nikapanda juu tukajifunika mablanketi yote. Cha ajabu asubuhi nyumba ina joto, hita inavuma kama haijawahi kuugua.

Nikaja kujua baadae kwamba hilo la asubuhi halikua muujiza. Bodi nyingi za hizi mashine zikijaribu kuwasha zikashindwa mara kadhaa zinajifunga, zinakaa kama saa nzima, alafu zinajaribu tena zenyewe. Kwahiyo usiku ule ilikua inashindwa, inanuna saa moja, inajaribu, mpaka ikafanikiwa. Na ndo maana pia fundi nilomwita mchana alikuta inawaka vizuri. Akaikagua, akabadilisha filta, akaniambia mashine nzima, akaondoka. Usiku huohuo tena, nyuzi 15.

Hapo ndo nikaamua kuielewa. Sio kuitengeneza, kuielewa tu kwanza. Na nikuambie, ukiifuatilia ni mashine ya mfuatano, haifanyi hatua ya pili bila kupata uthibitisho wa ya kwanza. Thamostati inaomba joto kwa kuunganisha waya mbili za volti 24. Bodi inawasha ile feni ndogo, kazi yake ni kuvuta moshi na kuutoa nje. Feni ikivuta inatengeneza mvuto kwenye kampira kembamba, na kampira kanaenda kwenye swichi ya presha, kadude ka duara kama kopo la kiwi, ndani kana ngozi inayovutwa. Ngozi ikivutwa swichi inafunga, bodi inajua njia ya moshi iko wazi. Ndo inapeleka umeme kwenye kiwashio, hicho kinachong'aa chungwa, kinapita nyuzi elfu moja. Kikishakua moto vya kutosha vali ya gesi inafunguliwa. Moto ukitokea, bodi inataka kuambiwa kwamba moto upo kweli, na wa kuiambia ni sensa ya moto. Isipoambiwa ndani ya sekunde chache inafunga gesi, maana kwa akili yake gesi inamwagika bila kuungua, na hapo ina haki kabisa. Ikiambiwa, inasubiri kama nusu dakika chuma kipate joto, ndo feni kubwa inaanza kupuliza.

Sasa wewe mwenyewe rudi juu usome nilichokiona usiku. Feni ndogo ilivuma, ikang'aa, ikawaka, sekunde nne ikazima. Maana yake swichi ya presha nzima, kiwashio kizima, vali nzima, gesi ipo. Kilichokua kinakosekana ni habari ya moto kufika kwenye bodi. Yaani mashine ilikua imenionyesha ilipokwama, kwa macho, bure, na mi nilishaagizia kiwashio kipya kwa sababu mtu aliniambia "hivyo ndo vinakufaga". Kiwashio bado kiko kwenye droo mpaka leo, ndani ya boksi lake. (Ukija kukishika chako usikiguse kile kipande cheusi kwa vidole, hasa vile vya zamani vya silikoni kabaidi, ni rahisi kuvunjika kama biskuti na mafuta ya mkono yanakifupishia maisha.)

Sensa ya moto nilidhani ni kitu cha kisasa sana. Ni fimbo. Fimbo ya chuma kama spoku ya baiskeli imetoka kwenye kipande cha kauri, ncha yake inaingia kwenye moto, mkiani kuna waya mmoja tu. Mmoja! Hilo lilinisumbua sana, umeme wa waya mmoja unarudi vipi? Jibu ni tamu kidogo. Moto wenyewe unapitisha umeme, kwa sababu gesi ikiungua inakua na chembe zenye chaji. Bodi inapeleka kwenye fimbo umeme wa AC, ule wa kwenda na kurudi, umeme unapita ndani ya moto mpaka kwenye chuma cha vichomeo, na kwa kua chuma cha vichomeo ni kikubwa na fimbo ni ndogo, unapita vizuri zaidi upande mmoja kuliko mwingine, AC inageuka kuwa DC, ule wa kwenda upande mmoja tu. Kidogo mno, maikroampea chache, yaani sehemu za milioni za ampea moja. Bodi ikiiona hiyo DC inasema huu ni moto. Kipande cha waya kikigusa bati kwa bahati mbaya hakiwezi kuidanganya, maana hicho kingepitisha pande zote mbili sawa. Aliyebuni hiki kitu namvulia kofia.

Na fimbo hiyo inaota utando mweupe, wakati mwingine hauonekani hata kwa macho, wa vitu vilivyoungua kwenye hewa, hasa silikoni zilizomo kwenye dawa za nywele na mapulizo ya nyumbani. Utando unazuia umeme. Kwahiyo nikazima umeme, nikafunga koki ya gesi, nikafungua skrubu moja, nikaitoa, nikaisugua taratibu na sufi ya chuma laini kabisa, sio msasa mkali maana unaacha mikwaruzo inayoshika uchafu haraka, nikaifuta na kitambaa kikavu, nikairudisha. Mlango wa chini wa hita yangu una tabia yake, haukai mpaka uupige kiganja cha nguvu chini kulia. Nikaupiga, paa. Nikawasha. Ikawaka, ikakaa. Dakika kumi, nusu saa, usiku mzima.

Aisee nilijiona mhandisi. Nikampigia shemeji yangu, nikamwelezea umeme unavyopita ndani ya moto na yeye hata hajaniuliza.

Siku ya tisa ikarudi. Sekunde nne, tik.

Nikasugua tena, ikapona siku tano. Nikanunua sensa mpya, nikafunga, ikapona siku tatu. Nikaita fundi mwingine, huyu alikuja jioni, akaiona kwa macho yake inazima, akasema bila kufikiri, "Bodi hiyo kaka, bodi imechoka." Sikumbishia kwa sababu sina cheti cha kumbishia, ila kuna kitu kilikua kinanikereketa. Ikiwa bodi imechoka, kwa nini kila nikisugua fimbo inapona? Na ikiwa tatizo ni uchafu wa fimbo, kwa nini mpya kabisa imekaa siku tatu tu? Majibu mawili hayakai nyumba moja. Nikamwambia nitamtafuta.

Kuna jioni moja hapo katikati nisingependa kuisema ila niiseme tu. Nilifungua kila kitu, nikarudisha, nikawasha, kimya. Hamna kitaa, hamna feni, hamna chochote. Nikaangalia fyuzi ya bodi, ile ndogo ya rangi kama ya gari, nzima. Nikaangalia swichi ya ukutani, nikaenda mpaka kwenye boksi la umeme. Jasho lilinitoka kwenye baridi ile, najisemea nimeua bodi kweli sasa. Saa nzima! Mtoto wangu wa miaka saba akaja akasimama akasema, "Baba huu mlango haujafunga." Nyuma ya mlango wa chini kuna swichi ya usalama, mlango usipoibonyeza mashine haipati umeme kabisa. Nikaupiga kiganja. Paa. Ikawaka, na ikakaa vizuri siku mbili nzima, na sikua nimesugua chochote siku hiyo.

Ukiisoma sentensi hiyo ya mwisho taratibu jibu limo humo. Mi lilinichukua siku mbili.

Jumamosi moja nikaweka kiti mbele ya ile mashine, na daftari, na saa ya simu. Nikaazima multimita ya kupima maikroampea za DC, maana sio kila mita inashuka huko chini, za bei rahisi nyingi zinaishia miliampea. Nikazima umeme, nikachomoa waya wa sensa, nikaunganisha mita katikati, mdomo mmoja kwenye waya na mwingine kwenye fimbo, ili umeme wa moto upite ndani ya mita kwenda kwenye bodi. Vichomeo viko chumba cha juu na swichi ya mlango iko chini, kwahiyo mlango wa chini ulikua umefungwa kama kawaida. Nikawasha.

Karatasi ya mashine yangu inasema isipungue maikroampea 1. Ilipowaka nikasoma 2.9. Safi. Nikakaa. Feni kubwa ikaanza kupuliza, bati likaanza kutetema kidogo kama kawaida yake, na namba ikaanza kucheza, 2.7, 2.9, 1.8, 2.8, 0.9, 2.6. Moto wenyewe unautazama umetulia, bluu, hautikisiki. Nikaandika zote kwenye daftari. Baada ya kama dakika arobaini ikashuka 0.4, ikapanda, ikashuka 0.2, tik. Nikaupiga mlango kiganja bila kugusa kitu kingine chochote. Ikajaribu kuwaka, 2.9.

Nikacheka peke yangu kama chizi. Muda wote ule sio kusugua kulikoponya. Kila nikisugua nilikua nafungua mlango nikiufunga nilikua naupiga, na ni yale makofi. Kuna mahali palikua pamelegea, kofi linapagusanisha, feni ikitetema usiku kucha panaachia polepole.

Sasa mahali wapi. Umeme unaenda kwenye fimbo, unapita kwenye moto, unafika kwenye vichomeo, alafu? Lazima urudi kwenye bodi. Unarudi kupitia bati lenyewe la mashine mpaka kwenye waya wa kijani, waya wa athi, unaotoka kwenye bodi na kufungwa kwa skrubu kwenye bati. Nusu nzima ya safari ya huo umeme mi sikuwahi hata kuiwaza, nilikua nasugua upande mmoja tu wa hiyo safari. Nikazima umeme, nikafungua chini, nikaweka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, mdomo mmoja kwenye mwisho wa waya wa kijani pale kwenye bodi, mwingine kwenye chuma cha vichomeo juu. Inatakiwa isome karibu sifuri. Ilikua inasoma maelfu, nikiugusa waya inakata kabisa, nikiusukuma inarudi sifuri. Nikamulika tochi. Skrubu ya athi ilikua kahawia, imezungukwa na duara la kutu saizi ya sarafu, na juu ya kutu kuna kaunga keupe.

Kabla ya kukaza nilijaribu kitu kimoja, niwe na uhakika safari hii maana nilishashangilia mara tatu bure. Nikachukua waya wenye vibanio, nikaunganisha athi ya bodi moja kwa moja na bati safi lisilo na rangi karibu na vichomeo, nikapitisha kwenye tundu la nyaya, nikafunga mlango, nikawasha. 3.1. Feni ikaanza, 3.1. Nikampiga mlango makofi, 3.1. Saa moja na nusu, 3.1, mara moja moja 3.0. Hapo ndo nikatoa waya wa majaribio, nikafungua ile skrubu, nikakwangua kutu mpaka bati likang'aa, nikaweka kichwa kipya cha waya na skrubu mpya yenye washa ya meno. Na athi mbovu sio suala la moto kuzima tu, waya wa umeme mkubwa ukija kugusa bati la mashine hiyo athi ndo inayokulinda usipigwe shoti, kwahiyo hata kama hita yako inawaka vizuri pale paangalie.

Ila kutu haiji yenyewe. Chumba kikavu, juu ya skrubu kuna bati, maji yametoka wapi? Hita hizi zinazobana matumizi zinaunyonya moshi joto mpaka mvuke uliomo unageuka maji, na maji hayo yana asidi. Yanatoka kwa mpira, yanapita kwenye kikombe cha plastiki, yanaenda kwenye mfereji. Mpira wangu ulikua na mpasuko mwembamba kama ukucha, chini ya klipu, usioonekana mpaka uukunje. Tone moja labda kila dakika chache. Linatiririka kwenye bati, linapita kwenye tundu la nyaya, linafuata waya, linaishia kwenye skrubu ya athi. Sijui lilikua linafanya hivyo tangu lini. Mpira mpya, kikombe nikakifungua nikakiosha, kilikua na utelezi mzito wa kijivu ndani nusu yake.

Yule fundi wa bodi sikumpigia. Simlaumu sana pia, mtu ana nyumba sita kwa siku na dakika ishirini kila nyumba hawezi kukaa kwenye kiti mbele ya moto saa moja na nusu. Mi ndo naweza, nyumba yangu.

Baada ya hapo nimekua mtu wa kuitwa. Jirani yangu mmoja, mzee wa watu, hita yake ilikua haifiki hata kwenye kung'aa. Feni ndogo inavuma, inavuma, inavuma, basi. Mwanae alishaangalia video akaja na jibu, swichi ya presha mbovu, tuibaipasi, tuunge waya zake mbili pamoja wazazi wapate joto usiku huu alafu kesho tutanunua. Na kweli ukiibaipasi ingewaka. Nilimshika mkono. Nikamuuliza swali moja tu, swichi ikikataa kufunga, umejuaje kama inadanganya? Labda inasema kweli. Labda moshi hauna pa kutokea.

Tukatoka nje na tochi. Bomba la moshi lilikua limejaa barafu mdomoni, limebaki tundu dogo la kupita kidole gumba. Mwanae hakusema neno. Tungeibaipasi ile swichi, gesi ingeungua usiku kucha bila hewa ya kutosha na bila pa kutolea moshi, na moshi wa hivyo una kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inakuanza na kichwa kuuma na kichefuchefu kama mafua, na aliyelala haamki. Tukaondoa barafu, swichi ikafunga yenyewe, ikawaka. Kengele ya kaboni monoksaidi hawakua nayo, kesho yake ilikua ukutani karibu na chumba cha kulala. Siku nyingine ukikuta swichi kama hiyo haifungi na bomba liko wazi, chomoa kampira kake uangalie kama kana maji ndani, au tundu kanakoingia limeziba uchafu. Kwa watu watatu niliowasaidia swichi yenyewe haijawahi kua mbovu hata mara moja.

Watu wanachanganya kaboni monoksaidi na harufu ya gesi, wanasema nikinusa nitajua. Gesi asilia yenyewe haina harufu. Ile ya mayai mabovu inawekwa makusudi, kemikali za jamii ya merkaptani, na ilivyokuja kua sheria ni kwa damu: tarehe 18 Machi 1937 shule ya New London, Texas, ililipuka kwa gesi iliyovuja chini ya jengo bila mtu kunusa kitu, wakafa karibu watu 300, wengi wao watoto, na baada ya hapo ndo Texas ikalazimisha gesi itiwe harufu. Kwahiyo pua inakusaidia kwa gesi inayovuja, kwa moshi wa gesi iliyoungua vibaya pua haikusaidii kitu. Na ukinusa gesi usiwe fundi wakati huo, usiwashe wala kuzima taa, toa watu nje, piga simu ukiwa mbali. Kama ni propani ndo kabisa, ile ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni inakusubiri kwenye ile chemba ya chini ya hita.

Kuna mwingine, dada yake mama watoto, yake ilikua inawaka vizuri, inapuliza, baada ya dakika tano moto unazima feni inaendelea, alafu inawaka tena, hivyo hivyo siku nzima na nyumba haipati joto. Huyu hata sikwenda. Nikamuuliza kwa simu, umebadilisha filta karibuni? "Ndio shemeji, nimeweka ile nzuri kabisa ya kuzuia vumbi na kila kitu." Toa hiyo nzuri. Filta nene sana kwenye mashine isiyotengenezwa kwa ajili yake inaikaba, hewa haipiti ya kutosha, chuma kinapata moto kupita kiasi, swichi ya joto inakata gesi mpaka kipoe. Filta chafu inafanya vilevile. Kwake na chumba cha wageni alikua ameziba matundu mawili ya hewa kwa kabati, akidhani anabana matumizi.

Vitu ambavyo sivigusi na sitovigusa ni vali ya gesi kwa ndani, bomba la gesi lenyewe, na presha ya gesi. Presha inapimwa kwa manomita, gesi asilia pale kwenye vichomeo mashine nyingi zinataka kama inchi 3.5 za maji na propani inchi 10 au 11, ukikosea kwa kugeuza skrubu kwa kukisia unatengeneza moto mrefu wa njano wenye masizi na kaboni monoksaidi juu. Na kama kuna swichi yenye kitufe chekundu karibu na vichomeo imekata, ile ya moto kutoka nje ya njia yake, usiibonyeze tu ukaendelea na maisha. Moto ulitoka nje. Mwite mtu aangalie chuma cha ndani kama kimepasuka au moshi umeziba wapi.

Nyuma ya mlango wa chini, pembeni ya karatasi ya misimbo, nimeandika kwa penseli tarehe na namba ya sensa kila baridi inapoanza. 3.1, 3.1, 2.9. Mwaka huu ilisoma 2.2, nikaitoa fimbo nikaisugua, ikarudi 3.0. Mlango bado haukai bila kupigwa kiganja.